Boksi Lililomuua Mzee Hewani

Boksi lililoua mtu lililetwa dukani kwangu likiwa ndani ya shuka. Vijana wawili walilibeba kwa kushika ncha za shuka, kila mmoja amenyoosha mikono mbali na mwili wake.

Hakuna aliyetaka kuligusa.

Walilitua mezani kwangu, wakarudi nyuma. Mmoja akajifuta viganja kwenye suruali. Viganja vyenyewe vilikuwa vikavu, lakini alijifuta vilevile.

Nyuma yao akaingia mama yao, bado amevaa nguo za msiba.

"Fundi," akasema, "lifungue. Nataka uniambie shemeji yangu alifanya nini humo ndani. Ukimaliza, ulitengeneze."

Nilidhani nimesikia vibaya.

"Nilitengeneze? Mama, kitu kama hiki si cha kutupa?"

"Ulitengeneze."

Nyie, mimi ni fundi redio tangu ndevu hazijaota. Nimeletewa redio zilizoanguka kisimani, nimeletewa amplifaya yenye panya mzima ndani amelala na watoto wake. Kuletewa kitu kilichozika mtu, tena mtu niliyemjua, hiyo ilikuwa mara ya kwanza.

Ngoja niwaeleze kwanza, maana najua wengine mtaniuliza.

Kuna watu wana redio za ridhaa. Si redio za kusikiliza taarifa ya habari. Hizi ni za kuongea. Unakaa chumbani kwako na kipaza sauti, unazungumza na mtu aliye mbali ambaye hujawahi kumwona uso, kwa mapenzi tu, bila kulipwa hata senti. Mimi ni mmoja wao. Wake zetu wanasema ni ugonjwa, na sina la kubisha.

Redio hizo hazichomekwi moja kwa moja ukutani. Zinahitaji boksi la katikati, linaloupokea umeme mkali wa ukutani na kuupunguza makali. Sisi tunaliita pawa saplai.

La marehemu lilikuwa la zamani, bodi lote chuma tupu, zito hata ukilibeba unatembea kama bata. Alilipenda kuliko baadhi ya ndugu zake.

Marehemu tulimwita Mzee Hewani. Jina lilitoka kwa mkewe. Ukienda kumtafuta jioni, mama alikuwa anajibu bila kuinua uso kwenye cherehani: "Yuko hewani." Basi likabaki hilo.

Mkewe naye tulimwita Mama Sare, kwa sababu alishona sare za shule. Nyumba yao ilikuwa na chumba kimoja cha mbele, huku cherehani, huku redio, na katikati kiti ambacho hakuna aliyewahi kukikalia bila kukuta sindano.

Sasa, lile boksi lilikuwa linafinya.

Ukiligusa ukiwa peku, vidole vinasisimka, kama umechomwa na kitu kidogo. Mzee alikuwa anacheka. "Linanisalimia," alikuwa anasema. Wageni wakifika, anawaambia waliguse ili awacheke wakiruka.

Mtu mmoja tu alikuwa hacheki. Mdogo wake.

Huyo mdogo wake ni fundi umeme, na mtaa mzima ulimwita Bwana Hatari. Waya huu hatari. Soketi hiyo hatari. Ngazi imeegemea vibaya, hatari. Kwenye harusi ya mpwa wake aliinuka katikati ya chakula, akaenda kuzima taa za jukwaani, eti nyaya zimelala kwenye maji. Mshereheshaji akachukua kipaza sauti akauliza nani kamwalika fundi. Watu wakacheka mpaka wakapaliwa.

Nami nilicheka. Nilikuwa meza ya pili.

Basi Bwana Hatari akamsumbua kaka yake mpaka kaka akachoka, akamwachia boksi alitengeneze. Akalichukua, akalirudisha likiwa na waya mpya na mambo mengine ndani.

Haukupita muda mrefu, Mzee Hewani akafa akiwa amelikumbatia.

Ilikuwa siku ya mvua. Paa lilivuja, maji yakaanza kudondoka karibu na redio. Mzee alikuwa peku, sakafu imelowa. Akainama kulisogeza boksi lisiingie maji. Hakufanikiwa kulisogeza.

Sasa niambieni, nyinyi mngemlaumu nani?

Kwenye msiba yule kijana mkubwa alisimama mbele ya watu wote, akamnyooshea kidole baba yake mdogo. "Kikulacho ki nguoni mwako!" akapiga kelele. "Baba alilishika boksi lile miaka yote. Wewe umeligusa mara moja tu, amekufa!"

Tukamgeukia Bwana Hatari, tukisubiri ajitetee. Yule mtu ambaye hawezi kupita kwenye nguzo ya umeme bila kusema neno, siku ile hakusema lolote. Alitazama chini. Wakamtoa msibani kwa kumsukuma, hakumwaga hata udongo kwenye kaburi la ndugu yake.

"Angekuwa hana kosa angesema," watu wakasema.

Kusema kweli, nami niliona hivyohivyo.

Turudi dukani. Yule kijana mkubwa akaegemea meza yangu. "Fundi, sisi tunataka neno lako tu. Ukishasema alichofanya, tunajua pa kulipeleka hilo neno. Alale ndani mpaka aoze."

Mama yake alikuwa amesimama pembeni. Alikuwa ameshika kifuniko cha boksi, kile cha kitambaa alichomshonea mumewe kuzuia vumbi. Kitambaa cha kijivu, kimepigwa uzi wa maruni, ule ule wa sare. Alikuwa amekikunja vizuri. Akakiweka pembeni ya boksi, wakaondoka.

Nikafunga mlango. Kazi hiyo sikutaka mtu anisimamie.

Kwa wasiojua, pawa saplai ya zamani hata ukiichomoa ukutani bado inaweza kukuonyesha cha mtema kuni. Ndani kuna kapasita kubwa kama kopo la maziwa, na kazi yake ni kuhifadhi umeme. Kwa hiyo kabla ya kutia mkono unapima kwanza. Na mkono wako mmoja unakaa mfukoni, ili umeme ukikupiga usipite kifuani kutoka mkono huu kwenda huu. Alinifundisha hivyo fundi wangu kwa makofi, na sijawahi kusahau.

Nikapima. Sifuri.

Nikaangalia vizuri. Kumbe mtu alilehemu rezista pale, kidude cha kuumwaga umeme wa hizo kapasita kila boksi linapozimwa. Kazi safi, risasi ya kulehemu inang'aa.

Nikaendelea kuangalia, na kadiri nilivyoangalia ndivyo nilivyozidi kukosa raha.

Waya wa zamani wa njia mbili ulikuwa umetolewa, umewekwa wa njia tatu. Pale unapoingilia kwenye chuma pamewekwa mpira ili chuma kisiukate, na kibano ili mtu akiuvuta usichomoke. Fyuzi imewekwa kwenye waya wa moto, kabla ya swichi, panapotakiwa. Sehemu zote zenye umeme mkali zimefunikwa plastiki. Nilitafuta kosa la Bwana Hatari kama nyani anayetafuta chawa.

Halafu nikafika kwenye skrubu ya waya wa ardhini.

Huu waya ndio ule wa kijani wenye mstari wa njano. Kazi yake ni moja. Unashikwa kwenye bodi la chuma, ili umeme mkali ukitoroka ukagusa chuma, upite humo kwenda ardhini na fyuzi ikatike. Bila huo, umeme unakaa pale pale kwenye chuma, kimya, unasubiri mtu.

Skrubu ilikuwepo, imekazwa. Chini yake hapakuwa na waya.

Waya ulikuwa umekunjwa nyuma, umelazwa pembeni ya wenzake. Na ncha yake ilikuwa imezungushiwa uzi.

Uzi wa maruni.

Sisi mafundi hatufungi waya kwa uzi. Tunafunga kwa tepu. Na hata angekuwepo fundi mvivu wa kufunga kwa uzi, asingefunga vile. Mzunguko umelala juu ya mzunguko, hakuna hata nafasi ya kupitisha ukucha, ncha imepitishwa chini, ikapigwa fundo, ikakatwa karibu kabisa. Ile ilikuwa kazi ya mtu aliyeshika sindano maisha yake yote.

Nikageuka taratibu, nikakitazama kile kifuniko cha kitambaa.

Nikavuta kiti nikakaa.

Kifuniko kilikuwa na mfuko mdogo ulioshonwa kwa ndani. Nikatia vidole. Fyuzi. Zimejaa fyuzi zilizoungua, za ukubwa ule ule wa boksi.

Hapo nikaanza kuelewa, na sikupenda nilichokielewa.

Nikaliwasha boksi kupitia balbu yangu ya majaribio. Balbu ile ninaiweka kwenye njia ya umeme, ili mambo yakiharibika iwake yenyewe badala ya kitu kuungua. Mwanzoni kila kitu kilikuwa shwari. Nikaliacha lipate joto. Transfoma, ile inayopunguza makali ya umeme, ikaanza kutetemeka na kuunguruma kama zinavyofanya za zamani. Nikaweka mita kwenye bodi la chuma.

Umeme wote wa ukutani ulikuwa pale nje, kwenye bodi, mahali ambapo mtu anashika.

Transfoma ilikuwa imezeeka. Ganda la waya unaoingia ndani yake limekauka na kupasuka. Ikiwa baridi inafinya tu. Ikipata joto, waya unagusa chuma.

Kwa hiyo mambo yalikwenda hivi. Bwana Hatari alipofunga waya wa ardhini, ugonjwa uliokuwa umejificha ukajitokeza. Kila boksi likipata joto, fyuzi inakatika. Mzee yuko katikati ya maongezi na wenzake, pap, kimya. Anabadilisha fyuzi. Pap tena. Waya wa mdogo wake ulikuwa unampigia kelele kwamba kuna kifo humo ndani, yeye akaona waya ndio mbovu.

Sikio la kufa halisikii dawa.

Lakini mzee macho yalikuwa yameingia ukungu. Skrubu ndogo kama ile asingeiona. Mwenye macho na vidole vyepesi ndani ya nyumba ile alikuwa mmoja.

Nilifunga duka nikaenda kumtafuta Bwana Hatari.

Nilimkuta kwenye yadi ya vyuma chakavu, amekaa juu ya injini mbovu, anachuna nyaya kuukuu atoe shaba. Fundi aliyewahi kuwasha majumba ya watu. Nani angempa kazi ya umeme aliyeua kaka yake kwa umeme?

Alikuwa amekonda mpaka shati limekuwa la mtu mwingine.

"Wamekuletea," akasema. Hakuinua kichwa.

"Wameniletea."

"Umelifungua?"

"Nimelifungua."

Akaendelea kuchuna. "Basi umeuona."

"Uzi?"

Kisu kikasimama.

Akaanza kusema huku anautazama ule waya mkononi. Alisema alimwambia kaka yake kabisa, fyuzi zinakatika kwa sababu transfoma inaumwa, usiliwashe mpaka nikuletee nyingine. Akasafiri kikazi. Alirudi na mvua, akapitiliza kwenda kumsalimia. Alimkuta pale sakafuni, mama hayupo, amepeleka sare kwa wateja. Akakimbilia swichi kubwa akakata umeme. Alipomtoa kaka yake kwenye boksi, mfuniko ulikuwa umelegea, skrubu hazikurudishwa zote. Akachungulia.

"Wanawe wakaingia," akasema. "Nikaurudisha mfuniko."

"Kwa nini hukusema?"

"Niseme nini, fundi? Niwaambie mama yenu kamuua baba yenu kwa uzi wa sare? Wale watoto wamebakiwa na mzazi mmoja."

"Wanataka kukupeleka polisi, bwana!"

"Kesi ina mwisho. Shemeji akijua, hili jambo litaisha lini?"

Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Huyu alikuwa amejitwika wa mwenzie, na ulikuwa unamvunja uti wa mgongo mbele ya macho yangu.

Akaniangalia kwa mara ya kwanza. "Sema ni mimi. Maisha yangu yote nimesema hatari, hatari, hakuna aliyenisikiliza. Nisikilize leo. Ukimwambia ukweli yule mama utakuwa umezika wawili."

Niliondoka pale nimevurugwa. Kusema ni yeye, namtupa jela mtu asiye na kosa. Kusema ukweli, namvunja mjane mbele ya wanawe. Nilikula chakula nikaona kama nakula mchanga. Mke wangu akaniuliza nina nini, nikamwambia jino.

Kazi nilifanya. Kazi hainaga lawama.

Nilitoa transfoma ile mgonjwa, nikaweka nyingine nzima niliyoivua kwenye pawa saplai iliyokufa kwa sababu nyingine. Nikabadilisha kapasita zilizovimba. Nikaongeza kinga ya kukata umeme unaotoka kwenye boksi endapo utapanda ghafla, usije ukaunguza redio. Waya wa ukutani nikaweka mpya. Wa ardhini nikaupa skrubu yake peke yake, nikakwangua rangi chini yake mpaka chuma kikang'aa, nikakaza na nati mbili. Nikaliwasha likapata joto, nikapima bodi. Sifuri. Nikavua viatu, nikamwaga maji sakafuni, nikapima tena. Sifuri.

Ule waya wa zamani, pamoja na uzi wake, nikauweka kwenye droo.

Na hapo ndipo nilipojiona mjanja. Nilipata uongo. Nitasema skrubu ililegea yenyewe kwa kutetemeka, waya ukachomoka. Bwana Hatari anapona, mama anapona, boksi linabeba lawama. Boksi lina roho gani ya kuumia?

Wakaja wote watatu.

"Baba yenu mdogo hana kosa," nikawaambia. "Kazi yake ni safi, sijawahi kuona safi kama ile. Boksi ni la zamani, linatetemeka. Skrubu ya waya wa ardhini ililegea, waya ukatoka. Bahati mbaya tu."

Yule kijana mdogo akafunika uso kwa mikono. "Na sisi tulivyomfanyia," akasema. "Tulimsukuma msibani."

Mkubwa alikuwa mgumu. "Una uhakika, fundi?"

"Nina uhakika."

"Skrubu ililegea yenyewe?"

"Yenyewe."

Akanitazama sana, halafu akapumua. Wakatoka kwenda kutafuta gari la kubebea.

Mama hakutoka nao.

"Nifungulie nione," akasema.

"Mama, ndani ni nyaya tu, hamna la kuona."

"Nifungulie."

Nikafungua. Akatoa kwenye mkoba miwani yake ya kushonea, akaivaa, akainama juu ya boksi. Hakuhangaika kutafuta. Macho yalikwenda moja kwa moja kwenye ile skrubu. Akautazama waya wa kijani na njano uliokazwa mahali pake, akautazama mpaka nikaanza kutokwa jasho.

Halafu akauliza, bila kupandisha sauti:

"Uzi wangu uko wapi, fundi?"

Jamani.

Macho yangu yakakimbilia droo.

"Aliniambia, mama watoto, macho yangu hayaoni hiki kiskrubu, nisaidie," akasema. "Nikafungua. Akaniambia funga vizuri, usiguse popote. Tepu hatukuwa nayo. Nikachukua uzi uliokuwa kwenye cherehani. Jioni ile redio iliongea haikukatika hata mara moja. Alifurahi, fundi. Aliwaambia wenzake hewani kwamba mke wake ndiye fundi."

Hilo nililisikia kwa masikio yangu. Nilikuwepo hewani jioni hiyo, nikampongeza.

"Alipokufa nilijua," akasema. "Nikajiambia hapana. Uzi hauui mtu. Wanangu wakamgeukia shemeji yangu, nikawaacha. Nikakuletea wewe boksi nikiomba uniambie ni yeye. Naomba kila siku, naomba iwe ni yeye."

Akavua miwani.

"Sasa wewe umeniletea skrubu. Skrubu niliirudisha mwenyewe, nikaikaza kwa mkono wangu. Haikulegea. Nani mwingine anajua?"

Nilitazama chini.

"Yeye anajua?"

Nikatikisa kichwa kukubali.

"Tangu lini?"

"Tangu siku ile ile, mama. Aliuona kabla wanao hawajaingia."

Akashika ukingo wa meza. Nilidhani anaanguka, nikanyoosha mkono, akausukuma. Akanyoosha wake, kiganja juu, akasubiri. Nikafungua droo nikampa ule waya.

Alitoka nao nje. Wanawe walikuwa wamesharudi na gari. Aliwaambia pale pale barabarani, watu wanapita na ndoo zao, muuza mkaa anatazama. Hakulia, hakupunguza neno.

Mkubwa akauliza kitu kimoja tu. "Mama, ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa sitaki kujua."

Kijana akaondoka kwa miguu. Hakukimbia, hakutukana, alitembea tu mpaka kona ikamficha. Yule mdogo akarudi ndani, akalikumbatia boksi kwa mikono yake mitupu, bila shuka, akalipakia mwenyewe huku machozi yanadondokea kwenye chuma.

Mimi nilimpeleka mama yadini, hakutaka kusubiri.

Bwana Hatari alituona tangu mbali. Akaona waya mkononi mwa shemeji yake, akanitazama kama mtu aliyeibiwa. Bado akajaribu, masikini.

"Shemeji, huyu fundi ni muongo. Usimsikilize. Ni mimi niliyeufunga ule..."

"Acha," mama akasema. "Umenibebea vya kutosha."

Akapiga magoti mbele yake, pale kwenye vumbi na vipande vya bati. Mama mtu mzima, mke wa kaka yake. Wachuna vyuma wote wakaacha kazi. Bwana Hatari akatupa kisu, akamshika mabega, na neno lililomtoka ni lile lile analolijua.

"Inuka, shemeji. Hapo chini kuna vyuma vyenye kutu. Hatari."

Ndipo mama akalia.

Msidhani yaliisha vizuri. Yule kijana mkubwa mpaka leo hajakanyaga kwao. Anatuma salamu kwa mdogo wake, za mama anaziruka. Bwana Hatari wamemwomba arudi kwenye chumba cha uani alimokuwa akiishi kwa kaka yake, amekataa. Anasema akipita pale mbele anamwona kaka yake sakafuni. Mama bado anashona, lakini sare za maruni hashoni tena. Shule zikileta kitambaa cha rangi hiyo anawaelekeza kwa fundi mwingine, na hasemi kwa nini.

Boksi lipo. Kijana mdogo ameshafanya mtihani wa redio, amepata kibali chake. Siku aliyoliwasha mara ya kwanza alimwita baba yake mdogo aje akague. Alikuja, akakagua, akapima, mkono mmoja mfukoni. Akasema sawa, akaondoka bila kunywa hata maji.

Sasa nisikilizeni, maana nimeandika yote haya kwa sababu ya hili.

Fyuzi ikikatika, badilisha. Ikikatika tena, zima, muite anayejua, na usiguse waya wa ardhini hata akuombe nani. Kitu kinachokukatikia usipende kukinyamazisha. Kiulize kwanza kimeona nini.

Na kama kwenu kuna ndugu msumbufu, kila siku hiki hatari, kile hatari, mpaka mnamcheka harusini, mpigie simu leo. Muulize anaona nini ndani ya nyumba yako. Mimi nilimpigia Bwana Hatari, akaja, akazunguka duka langu lote akigusa soketi moja moja.

Alikuta tatu za hatari.